Aliingia akatoka: Ujanja wa yadi tano uliowapa Chiefs ubingwa mara mbili

KWA saa za hapa kwetu alfajiri ilikuwa inakaribia, Jumatatu ya Februari 13, 2023. Kule Glendale, Arizona, ilikuwa bado Jumapili usiku na fainali ya Super Bowl imeingia robo ya nne.

Kansas City Chiefs walikuwa nyuma kwa pointi 27-21 mbele ya Philadelphia Eagles. Zimebaki dakika 12 na sekunde kidogo. Mpira upo yadi tano tu kutoka kwenye mstari wa kufungia. Yadi tano ni kama mita nne na nusu, hatua chache za mtu mzima.

Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, alikuwa anachechemea. Kifundo cha mguu kiliumia Januari dhidi ya Jacksonville Jaguars, kikatoneshwa tena kabla ya mapumziko ya fainali yenyewe. Mbele yake kulikuwa na kundi la mabeki ambalo msimu huo lilikuwa limewaangusha makwotabeki mara 70 kabla hata ya mechi za mtoano. Yaani watu wenye njaa.

Mpira ukaanzishwa. Mahomes akageuka kulia, akaachia pasi nyepesi, ya kawaida kabisa. Kadarius Toney akaidaka, akatembea zake mpaka ndani ya eneo la kufungia.

Hakuna aliyemgusa, na hata wa kumkaribia hakuwapo.

Kwenye fainali inayotazamwa na watu wengi kuliko mchezo wowote wa Marekani, mita nne na nusu kutoka langoni, mbele ya mabeki 11 wanaolipwa mamilioni, mtu aliachwa peupe kama vile timu nzima ya Eagles imekwenda kunywa maji.

Ukiwaza haraka utasema mabeki walizembea. Ukitazama marudio mara tatu, unaona kitu kingine kabisa. Mabeki wale walifanya walichofundishwa, tena kwa nidhamu. Na hicho ndicho kilichowamaliza.

KWA NINI YADI 20 ZA MWISHO NI NGUMU

Tuelewane kwanza, maana wengi wetu tumekulia kwenye soka la miguu.

Futiboli ya Marekani inachezwa kwenye uwanja wa yadi 100, upana wake yadi 53 na kidogo. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linaanza mpira ukiwa chini, watu wamepangwa, halafu mmoja anaurudisha nyuma kwa kwotabeki na kazi inaanza.

Ukifika na mpira kwenye eneo la mwisho, hiyo ni tachidauni, pointi sita, na unapewa nafasi ya kuongeza moja au mbili. Ukikwama, unaweza kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo, ukapata tatu.

Kati ya sita na tatu ndipo mabingwa wanapotengana na wasindikizaji.

Zile yadi 20 za mwisho wenyewe wanaziita eneo jekundu. Kwa mtu wa nje anaona kama ndipo mahali rahisi, si umeshafika? Kumbe hapo ndipo shughuli inapoanza.

Mpira ukiwa katikati ya uwanja, beki ana hofu ya kuachwa nyuma. Mpokeaji mwenye mbio anaweza kumpita akakimbia yadi 50 peke yake, kwa hiyo beki anarudi nyuma, anaacha nafasi mbele yake. Lakini mpira ukifika yadi ya tano, nyuma ya beki kuna yadi tano pamoja na zile 10 za eneo la mwisho, basi. Zaidi ya hapo ni nje. Mbio za mpokeaji hazina pa kwenda. Beki anasogea, anabana, anacheza na macho ya kwotabeki. Ule mstari wa nyuma unakuwa kama mchezaji wa 12 wa ulinzi, na huyo hachoki wala hapigwi chenga.

Ni kama timu iliyopaki basi ndani ya boksi lake. Winga wako awe na kasi ya pikipiki, atakimbilia wapi?

Ndiyo maana eneo jekundu ni mahali pa akili. Kama huwezi kumshinda beki kwa miguu, inabidi umshinde kabla miguu haijaanza kufanya kazi.

ALICHOFANYA TONEY

Sasa rudi Glendale.

Toney alianza akiwa amesimama pembeni kulia. Kabla mpira haujaanzishwa akaanza kukimbia kuelekea ndani, kule ulipo mpira.

Sheria inaruhusu mchezaji mmoja tu kuwa kwenye mwendo wakati mpira unaanzishwa, tena asiwe anakwenda mbele. Anaweza kwenda pembeni au kurudi nyuma. Timu nyingi zinautumia mwendo huo kumvusha mtu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na Chiefs ya kocha Andy Reid ni mafundi wa kazi hiyo. Kila mtu kwenye ligi anajua. Eagles pia walijua.

Na kwa sababu walijua, walikuwa na jibu.

Fikiria wewe ndiye beki unayemkaba mtu kwa mtu. Mtu wako anaanza kukimbia kuelekea katikati. Una njia mbili. Ya kwanza, mfuate. Ubaya wake, katikati pale kuna msongamano wa miili mikubwa, wenzako na wapinzani. Utajigonga, utachelewa hatua mbili, na kwenye yadi ya tano hatua mbili ni pointi sita. Njia ya pili, mkabidhi. Yaani wewe unabaki kulia, mwenzako aliye upande wa pili anampokea akitokeza huko. Ni ulinzi wa kupokezana, kama mabeki wa kati wanavyopeana mshambuliaji anayehama: "Huyo wako!" "Nimemwona!"

Kupokezana ndilo jibu la beki aliyesoma. Anayefuata kila kitu kama mkia huishia kuachwa.

Toney akakimbia ndani. Eagles wakaanza kupeana kazi. Ulinzi wote ukaegemea kule alikoonekana anakwenda.

Halafu, sekunde ileile mpira unaanzishwa, Toney akakanyaga breki. Akageuka. Akarudi kulekule alikotoka.

Sasa hesabu. Aliyekuwa anamkaba ameshamkabidhi, akili yake ipo kwenye kazi nyingine. Aliyetakiwa kumpokea yupo upande wa pili wa uwanja, anamsubiri mtu asiyekuja. Kila mmoja anaamini mtu yule ni wa mwenzake. Kwa sekunde moja na nusu hivi, Toney hakuwa mali ya mtu yeyote.

Katikati ya uwanja kosa hilo lingewagharimu yadi nane au 10, kisha beki mmoja angemfikia na kumwangusha. Wangejipanga upya, maisha yangeendelea. Kwenye yadi ya tano hakuna muda wa kusahihisha. Ukishtuka, mwenzako anasherehekea.

Chiefs 28, Eagles 27.

WAKARUDIA TENA, UPANDE WA PILI

Hapa ndipo hadithi inaponoga.

Eagles walipopata mpira wakakwama, wakalazimika kuupiga mbali. Aliyeudaka ni Toney huyohuyo. Akakimbia nao yadi 65, ambayo ni rekodi ya Super Bowl kwa kurudisha mpira wa namna hiyo, akaangushwa yadi ya tano.

Ndiyo, tano tena.

Majaribio yakapigwa, mpira ukasogea mpaka yadi ya nne. Chiefs wakatoa mchezo uleule, safari hii wameugeuza kama picha kwenye kioo. Skyy Moore, kijana wa msimu wake wa kwanza, akaanza pembeni kushoto. Akakimbia ndani. Akageuka. Akatoka.

Peupe tena. Mahomes akampa. Ilikuwa tachidauni ya kwanza ya Moore tangu aingie NFL, na huenda hajawahi kupewa nyingine rahisi kama ile. Chiefs 35-27, zimebaki dakika tisa na sekunde chache.

Unaweza kuuliza, mtu anapigwaje na ujanja uleule mara mbili ndani ya dakika tatu? Jibu ni kwamba sheria ya ulinzi haibadilishwi katikati ya vita. Ukiwaambia mabeki waache kupokezana, wamfuate kila anayehama, Chiefs watamvusha mtu kweli na utaachwa upande wa pili. Mtego ulikuwa na midomo miwili. Reid alikuwa anasubiri tu uchague wa kukung'ata.

Eagles hawakufa kizembe. Jalen Hurts, aliyekimbia na mpira mpaka tachidauni tatu usiku ule, alisawazisha 35-35. Lakini Chiefs wakasogea tena, na Harrison Butker akapiga mpira katikati ya nguzo zikiwa zimebaki sekunde nane. Ikaisha 38-35.

Tofauti ni pointi tatu. Wale wapokeaji wawili walioachwa peupe walileta 14 pamoja na nyongeza zake. Na mabeki waliowaangusha makwotabeki mara 70 hawakumwangusha Mahomes hata mara moja.

MKANDA WA OKTOBA

Ujanja ule haukuota usiku mmoja.

Oktoba 2, 2022, Eagles walicheza na Jaguars, mvua inanyesha, wakashinda 29-21. Mechi ya kawaida ya msimu, wengi tuliisahau. Lakini ndani yake, karibu na mstari wa kufungia, Jaguars walimtuma Jamal Agnew akimbie ndani kisha ageuke kutoka nje. Eagles wakapokezana hewa. Agnew akafunga.

Benchi la ufundi la Chiefs lilipokaa kutazama mikanda ya Eagles kujiandaa na fainali, likaiona. Likaona pia kwamba Eagles hawajabadilisha namna yao ya kushughulika na mwendo wa aina ile. Wakauweka mchezo kwenye kapu lao, wakaupa jina la Corn Dog, lile soseji la kwenye kijiti wanalouza kwenye maonyesho ya mitaani, wakasubiri siku.

Kocha wa Jaguars msimu ule alikuwa nani? Doug Pederson. Huyu ndiye aliyewapa Eagles ubingwa wao wa kwanza wa Super Bowl, Februari 4, 2018 kule Minneapolis. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Andy Reid, kwanza Eagles na baadaye Chiefs. Na Reid mwenyewe aliwafundisha Eagles tangu 1999 mpaka 2012. Kwa hiyo shimo lile lilifukuliwa kwanza na mzee mmoja wa nyumba, likaja kutumiwa na mzee mwingine wa nyumba ileile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huyo Pederson naye ana mkanda wake ambao Philadelphia hawaufuti kichwani. Fainali ile ya 2018 dhidi ya New England Patriots, zimebaki sekunde 38 kabla ya mapumziko, Eagles wanaongoza 15-12, jaribio la nne, yadi moja kutoka kwenye mstari. Kila mtu alitegemea wapige mguu wachukue pointi tatu.

Kwotabeki Nick Foles, mtu wa akiba aliyeingia baada ya Carson Wentz kuumia, akasogea kulia kama vile anakwenda kuwaambia wenzake jambo. Wakati huohuo mpira ukarushwa moja kwa moja kwa Corey Clement. Clement akakimbia kushoto, akampa Trey Burton aliyekuwa anakuja upande wa pili. Burton, ambaye chuoni aliwahi kucheza kama kwotabeki, akainua kichwa na kurusha. Nani yupo peke yake kwenye eneo la mwisho? Foles.

Hakuna beki anayefundishwa kumkaba kwotabeki kama mpokeaji. Kazi yake ni kurusha, siyo kudaka. Patriots walimwacha kwa sababu daftari lao liliwaambia wamwache. Eagles wakashinda 41-33, na leo nje ya uwanja wao kuna sanamu ya Foles na Pederson wakizungumzia mchezo ule.

HATA KWENYE SOKA LETU

Anayedhani haya ni mambo ya Wamarekani pekee akumbuke Saint-Étienne, Juni 30, 1998. Argentina na England, Kombe la Dunia, faulo nje kidogo ya boksi. Gabriel Batistuta akakimbia kama anapiga, akaupita mpira. Juan Sebastián Verón akaupenyeza kwa Javier Zanetti, aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta. Zanetti akageuka, akafunga, ikawa 2-2. Ukuta wa England ulikuwa unafanya kazi ya ukuta, kuzuia shuti. Shuti halikuja.

Au Anfield, Mei 7, 2019. Trent Alexander-Arnold anaiacha kona kama anaondoka, anageuka ghafla, anaipiga. Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, anamalizia peke yake wakati mabeki wa Barcelona wanajipanga kwa ajili ya kona ambayo kwa akili zao haijaanza. Liverpool 4-0.

Tofauti ni kwamba kwetu mpira wa kutengwa unakuja mara chache ndani ya mechi. Wenzetu kila jaribio ni mpira wa kutengwa. Kila mara watu wanasimama, wanapangwa, wanaanza upya. Kwa hiyo kila mara kuna nafasi ya kudanganya, na kila mara kuna beki anayetakiwa kuamua ndani ya sekunde moja aamini nini.

UONGO WENYE RUHUSA YA MWAMUZI

Ujanja mwingine unauza kitu kinachofanana na ukweli kuliko vyote, yaani mtu kukimbia na mpira. Ukiwa yadi ya kwanza au ya pili, nusu ya akili ya ulinzi inategemea msukumano wa katikati. Kwotabeki anajifanya amempa mpira mkimbiaji. Mabeki wa kati wanapiga hatua moja mbele, moja tu. Nyuma yao anachomoka jamaa mkubwa aliyekuwa anajifanya anazuia watu.

Bingwa wa hilo ni Mike Vrabel, na huyo hakuwa hata mshambuliaji. Alikuwa beki, jezi namba 50. Kwa sheria za NFL mwenye namba kama hiyo haruhusiwi kupokea pasi mpaka ajitambulishe kwa mwamuzi, na mwamuzi anawatangazia wapinzani. Yaani mwizi anapiga hodi. Pamoja na hayo, katika mechi za kawaida za msimu Vrabel alidaka pasi 10 maisha yake yote, na zote 10 ni tachidauni. Aliongeza nyingine mbili kwenye Super Bowl mbili mfululizo, ya 2004 na ya 2005, akiwa na Patriots.

Walikuwa wameambiwa, na bado walimwacha. Kusikia ni jambo moja, mwili kuacha mazoea yake ni jambo jingine.

Mwingine ni wa Detroit Lions. Desemba 22, 2024 kule Chicago, kwotabeki Jared Goff alijikwaa mpira ulipoanzishwa. Mkimbiaji wake Jahmyr Gibbs akaanguka chini kabisa. Mabeki wa Bears wakaona zawadi, wakakurupuka. Kumbe sarakasi! Goff akasimama, akarusha yadi 21, Sam LaPorta akadaka peke yake. Lions wakashinda 34-17. Aliyeupanga mchezo ule, Ben Johnson, mwezi uliofuata akachukuliwa kuwa kocha mkuu wa Bears haohao. Ukishindwa kumkaba, muajiri.

UJANJA UNA BEI YAKE

Tusidanganyane lakini. Ukiishi kwa hila, iko siku itakurudi.

Februari 1, 2015, Seattle Seahawks walikuwa yadi moja kutoka kwenye ubingwa wa pili mfululizo, wanapungukiwa pointi nne na Patriots, zimebaki sekunde chini ya 30. Wakachagua mchezo wa kizingiti, mpokeaji mmoja anamziba beki njia ili mwenzake achomoke nyuma yake. Mchezo mzuri tu. Ila Malcolm Butler, beki wa msimu wa kwanza ambaye hakuna klabu iliyomchagua kwenye usajili wa vijana, alikuwa ameshapigwa na mchezo uleule mazoezini, pale wenzake walipoigiza Seahawks. Alipowaona wapokeaji wamesimama vile, akajua. Hakusubiri. Akakimbilia mahali mpira utakapofika kabla ya mwenyewe, akaunasa. Patriots 28-24.

Ujanja ukijulikana unageuka zawadi.

Lions nao wana kidonda. Desemba 30, 2023, Arlington, wanadaiwa na Dallas Cowboys 20-19, zimebaki sekunde 23. Wakaamua kutafuta pointi mbili za ushindi. Wakawatuma wachezaji kadhaa kumwendea mwamuzi ili Cowboys wasijue ni nani hasa amejitambulisha kuwa mpokeaji. Goff akarusha, Taylor Decker, namba 68, akadaka. Lions wakaruka kwa furaha.

Kitambaa kikaanguka. Mwamuzi alikuwa amemtangaza namba 70, Dan Skipper. Kwa hesabu yake Decker hakuwa na ruhusa. Lions wanashikilia mpaka leo kwamba Decker alijitambulisha. Pointi zikafutwa, wakarudishwa nyuma, wakajaribu tena wakakosa. Ikabaki 20-19. Walitaka kumchanganya mpinzani, wakamchanganya na mwamuzi.

LAS VEGAS, MWAKA MMOJA BAADAYE

Sasa swali la mwisho. Kama Butler alimsoma mpinzani kwa kukumbuka mazoezi, baada ya dunia nzima kuiona fainali ya Glendale, mtego wa Chiefs si ulikufa?

Februari 11, 2024, Las Vegas. Chiefs na San Francisco 49ers, Super Bowl imekwenda muda wa nyongeza. 49ers wanaongoza 22-19. Chiefs wameanza safari yadi 75 nyuma, wakikosea tu kazi imeisha. Wanasogea, wanasogea. Travis Kelce anadaka yadi saba, mpira unatua yadi ya tatu. Zimebaki sekunde chache kwenye kipindi.

Kila beki wa 49ers anajua mambo mawili. Kelce ndiye mpokeaji anayeaminiwa kuliko wote. Na Mahomes anaweza kukimbia mwenyewe.

Mecole Hardman anaanza pembeni kulia. Anakimbia ndani. Anageuka. Anatoka nje.

Peupe.

Mahomes akampa, tachidauni, 25-22, mechi imeisha zikiwa zimebaki sekunde tatu. Hardman huyu fainali ya Glendale hakucheza kwa sababu ya majeraha, na mwaka 2023 aliondoka kwenda New York Jets, akarudishwa Chiefs Oktoba. Mchezo ulikuwa ndugu wa damu wa ule wa Toney na Moore, umebadilishwa nguo na kupewa jina jipya, Tom and Jerry. Paka na panya, na paka ndiye anayekimbizwa.

Kwa nini 49ers hawakuusoma kama Butler alivyosoma? Nadhani jibu ni kwamba Seahawks walitaka kuficha njia ya kukimbilia, na njia ukishaijua unaifunga. Chiefs hawafichi njia. Wanamlazimisha beki kuchagua kati ya kazi mbili ambazo zote ni zake halali. Mfuate anayehama, au linda mahali pako. Mkabe Kelce, au mtazame yule wa pembeni. Ukichagua vizuri, nitakwenda kule ulikoacha. Kujua mtego upo hakukusaidii kama bado unalazimika kukanyaga sehemu moja kati ya mbili.

Kwa hiyo siku nyingine ukikesha kutazama Super Bowl, au ukikutana na marudio mtandaoni, timu ikifika ndani ya yadi tano usimtazame kwotabeki. Mtazame yule wa pembeni anayeanza kukimbia kabla mpira haujaanza. Halafu mtazame beki aliye mbele yake. Utamwona ananyoosha mkono, anamwonyesha mwenzake: huyo wako.

Hapo ndipo mechi inapoamuliwa. Baada ya hapo kuna pasi nyepesi tu, na beki mzuri aliyesimama akitazama mikono yake, akijiuliza amekosea wapi wakati alifanya kila alichoambiwa.